Farasi Zizini kwa Masele

Shangazi Klara alitoka ghalani akiwa na kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, akapita zizini kuchungulia, akafika jikoni na habari mbaya mdomoni. Kapu lilikuwa zito, lakini habari ilimlemea zaidi, kwa hiyo alitua habari kwanza.

"Paska, yule mnyama wenu amesimama kwa miguu mitatu kama korongo."

Kisu kilimponyoka Paskazia kikatumbukia kwenye sufuria ya viazi. Wanawake waliokuwa wakimenya pamoja naye wakacheka, wakidhani ni haya za mwali. Hawakujua kwamba ni hofu.

"Mguu upi, shangazi?"

"Wa mbele. Wa kulia kwangu, kama ni wa kulia kwake sijui, sikumuuliza. Na mchumba wako amepiga magoti anaukanda kwa maji ya moto huku machozi yanamtoka. Au ni mvuke."

"Maji ya moto?" Paskazia akasimama. "Mungu wangu, shangazi. Ya moto?"

Hapa lazima nikueleze huyo farasi alifikaje Samuye, maana mpaka leo wapo wanaodai kwamba siku aliposhushwa kwenye Fuso kuku wa kijiji kizima waligoma kutaga, na kwamba mzee mmoja asiyeona vizuri alimpa shikamoo akidhani ni mkuu wa wilaya amepanda kitu. Mimi la kuku siwezi kuliapia. La shikamoo nalijua.

Paskazia alikuwa daktari wa mifugo pale Kahama, binti wa Mzee Masele wa Samuye. Edson alikuwa mchimbaji wa Nyarugusu. Walikutana kwa sababu ya punda wa kubeba mawe aliyekwama shimoni, na tangu siku ile Edson akawa haishi kupata wagonjwa: leo mbuzi wa jirani, kesho paka wa mama ntilie, mradi tu daktari aje. Mzee Masele alipoletewa posa, alicheka kwa pua. Kwake yeye, watu wa maduara, hayo mashimo ya dhahabu, ni watu wa leo wanakunywa soda za kopo, kesho wanaomba maji. Akasema mbele ya ndugu zake wote: "Ng'ombe ninazo. Kama wewe ni mwanaume, pamoja na hizo ng'ombe niletee mnyama ambaye zizi la Samuye halijawahi kumwona."

Watu wakacheka. Ilikuwa njia ya kumfukuza mtu bila kumtukana. Edson hakucheka. Aliuza fungu lake la duara, akapotelea Arusha, akarudi na farasi wa kijivu aliyejaa vumbi la safari hata wachimbaji wenzake wakampa jina palepale: Kifusi.

Mzee Masele hakuwa na pa kutokea. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwake, na mashahidi walikuwa ndugu zake mwenyewe.

Lakini ukoo wa Masele una desturi yake. Wanyama wa mahari hulala kwanza usiku mmoja kwenye zizi la baba wa binti. Asubuhi, wazee hukaa kwenye viti, na kila mnyama hupitishwa peke yake kutoka langoni mpaka kwenye uzio wa minyaa, kisha arudi. Akichechemea hata mmoja, kundi zima linarudi lilikotoka kabla jua halijazama, na mwenye kundi hapigi hodi tena kwenye mji huo. Ukaguzi ulikuwa kesho. Na kule Kahama, Marselino mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambaye naye alimtaka Paskazia, alikuwa ameshanyoosha suti, akisubiri kusikia tu kwamba mchimba dhahabu amefukuzwa.

Ndiyo maana kisu kilianguka.

Paskazia alichukua begi lake la kazi nyuma ya mlango. Shangazi Klara akamziba njia. Shangazi huyu ndiye dada mkubwa wa Mzee Masele, na mambo yote ya ndoa katika ukoo yalipita mkononi mwake.

"Mwali haingii zizini mahari ikiwa imelala."

"Siendi kama mwali. Naenda kama daktari."

"Na huyo daktari amevaa kitenge nilichomnunulia nani?"

"Shangazi, nakuomba. Baba akirudi akamkuta vile..."

Klara alimtazama usoni, akaona midomo imekauka. Akashusha pumzi. "Baba yako ameenda kuwaita wajomba. Nenda. Mimi nakaa langoni, na nikianza kuimba pambio, ujue anakuja. Nisipoimba, ujue nimesahau maneno."

Edson alikuwa kweli amepiga magoti kwenye samadi, mikono imeiva wekundu, ndoo inafuka moshi pembeni yake. Alipoona kivuli cha Paskazia aliinua uso, na macho yao yakakutana juu ya mgongo wa ng'ombe. Wiki nzima walikuwa hawajaonana. Kwa siku nyingine angesema neno la kumchekesha. Leo alisema, "Nisamehe."

"Ondoa hiyo ndoo."

"Nimeongeza na chumvi. Mama alikuwa ananikanda hivi nikiteguka."

"Edson, ondoa ndoo!"

Akaiondoa. Paskazia akachuchumaa. Nyuma ya mguu wa mbele wa Kifusi, kati ya goti na kifundo, pale ambapo panatakiwa pawe pamenyooka kama rula, palikuwa pamebinuka kwa nyuma kama upinde. Alipogusa, joto lilimpanda kwenye vidole. Farasi akavuta mguu, akatetemesha ngozi yote kuanzia begani mpaka mkiani.

"Tangu lini?"

"Juzi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa namzoesha, nje ya Kahama, kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka. Nilitaka kesho nikuonyeshe anavyokimbia. Akakanyaga ukingo wa jaruba. Hakuanguka, akachechemea kidogo tu. Nikamkanda usiku na mchana, akawa anatembea. Leo wakati wa kumshusha kwenye gari akaruka, ndiyo ikawa hivi."

"Juzi! Na simu unayo."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utaniambia kitu ambacho sitaki kukisikia."

Paskazia na yeye alikuwa anakiogopa hichohicho. Akatoa wembe, akanyoa manyoya nyuma ya mguu, akapaka mafuta ya kupimia, akawasha kile kipimo kidogo cha utrasaundi anachopimia ng'ombe mimba. Edson akasogea akachungulia kwenye kioo, bega lake likagusa bega la Paskazia, na hakuna aliyesogea.

"Unaona hii mistari myeupe? Hizo ni nyuzi za kano. Kano ni kamba, Edson. Ndiyo inayoushikilia uzito wa farasi kila anapokanyaga." Akateremsha kipimo kidogo. Katikati ya weupe pakatokea doa jeusi, la mviringo, kubwa kuliko alivyoomba Mungu liwe. "Na hapa hakuna nyuzi. Zimekatika, na damu imejaa mahali pake."

Edson alilitazama lile doa kwa muda mrefu. "Ni shimo," akasema.

"Ni shimo. Na wewe ukalikanda kwa moto, damu ikazidi kuingia. Kano lililoumia linataka baridi. Baridi, bandeji na kutulia ndani."

"Mpaka kesho?"

Paskazia alitaka kucheka akashindwa. "Miezi, mpenzi wangu. Labda mwaka. Nyuzi za kano haziungi upesi kama ngozi."

Ng'ombe mmoja alikohoa. Nje, Shangazi Klara alikuwa anagombeza mbuzi. Edson akapangusa mikono kwenye suruali, akasogea karibu, akanong'ona kama mtu anayeogopa hata farasi asisikie.

"Paska. Ile sindano. Uliyomchoma punda wa Nyarugusu akaamka akatembea."

"Ile inaua maumivu tu. Haiponyi kitu."

"Kesho tu. Kutoka langoni mpaka kwenye minyaa na kurudi. Baada ya hapo alale mwaka, alale miwili, mimi nitambembeleza kama mtoto. Paska, nimeuza duara. Sina pa kurudi. Kesho kundi likirudishwa, mimi nitakuona wapi? Kwenye harusi ya Marselino, nimesimama nje ya turubai?"

"Usimtaje huyo."

"Nimtaje nani? Niambie wewe unavyotaka. Ukisema hapana, nitaondoka na kundi langu sasa hivi, sitakulaumu. Lakini sema wewe."

Kumbe na yeye ni binadamu, huyu daktari. Alifungua begi. Alitoa kichupa, akavuta dawa mpaka bomba likajaa, na wakati wote huo alikuwa anajiambia kwamba anavuta tu, hajaamua. Sindano ikagonga kichupa kikalia kama kengele. Aliona kesho yote: wazee kwenye viti, Kifusi akipita kichwa juu, vigelegele, Edson akimtazama yeye tu katika umati ule. Kisha akaona na lile lingine. Farasi asiyesikia maumivu anakanyaga kwa nguvu zote. Kano linaachia. Alishawahi kusoma kwamba hulia kama kuni kavu zikivunjwa.

Kifusi aliinamisha kichwa, akamwekea pua shingoni. Pumzi yake ilikuwa ya moto. Alikuwa anamwamini, na hilo ndilo lililomtisha Paskazia kuliko yote.

"Edson," akasema polepole, "Abel alishuka na kamba ya namna gani?"

Uso wa Edson ukabadilika. Abel alikuwa rafiki yake wa shimo moja, tangu wote hawajaota ndevu mpaka siku shimo lilipomchukua. "Usiniletee Abel."

"Naomba uniambie."

"Unaijua." Alishika manyoya ya shingo ya farasi. Kisha: "Ilikuwa imekatika nyuzi. Msimamizi akaizungushia mpira wa tairi, ikaonekana nzima. Akasema leo tu, kesho tunanunua mpya."

"Leo tu," Paskazia akarudia.

Edson akageuka akaegemeza paji la uso kwenye mgongo wa farasi. Mabega yalikuwa yanacheza. Paskazia alitaka kumshika, na mkono mmoja ulikuwa na kipimo, mwingine una sindano. Ndipo alipogundua kwamba Shangazi Klara haimbi wala hagombezi mbuzi.

"Hiyo sindano ni ya nini?"

Mzee Masele alikuwa amesimama langoni. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kadiri alivyokasirika ndivyo sauti yake ilivyoshuka, na Samuye waliamini kwamba siku atakayonyamaza kabisa, visima vitakauka. Sasa hivi alisikika kwa shida. Nyuma yake Klara alishika kichwa, akionyesha kwa midomo kwamba maneno ya pambio yote yamempotea.

"Shikamoo, mzee," Edson akasema.

Mzee Masele hakuitikia. Paskazia alisogea karibu na Kifusi. Tangu utoto, sauti ile ya chini ilikuwa inamfanya atafute pa kujificha, na hapa palikuwa na mahali pamoja tu, nyuma ya farasi.

"Nimeuliza. Wewe hapa ni nani, binti yangu au daktari?"

"Daktari, baba."

"Basi daktari, sema."

Akasema. Alisema kano limekatika katikati, na kwamba sindano ni ya kuua maumivu ili mnyama apite kesho, na kwamba ameijaza yeye mwenyewe. Kila neno lilitoka kama linang'olewa. Edson aliingilia, "Mimi ndiye niliyemwomba," lakini mzee aliinua kidole tu, naye akanyamaza.

Mzee Masele alitazama mguu wa farasi kutoka palepale langoni. Hakusogea hata hatua. Alitazama sindano. Alitazama njia, kuona kama wajomba wameshafika.

"Mchome," akasema.

Wote walidhani hawakusikia vizuri.

"Baba?"

"Mchome akatembee. Nimealika watu kutoka hapa mpaka Shinyanga mjini. Nimemwambia mpaka padri. Mwezi mzima naambiwa Masele, farasi yuko wapi, Masele, unatudanganya. Kesho nimpitishe mbele yao mnyama anachechemea? Wanicheke mimi?" Sauti ilishuka tena. "Hayo ya kukubali na kukataa tutayaona baadaye. Kesho atembee kwanza. Mchome."

Paskazia alimtazama Edson. Edson alikuwa anamtazama yeye, na machoni mwake mlikuwa na tumaini baya, la mtu aliyefunguliwa mlango na adui. Baba anataka. Mchumba anataka. Dawa iko tayari. Ilibaki yeye peke yake kati ya wanaume wawili anaowapenda, na alikuwa anaogopa kama hajawahi kuogopa maishani.

"Yaya, baba."

Lilitoka kwa Kisukuma, lile hapana la nyumbani ambalo hakuwahi kumwambia baba yake hata akiwa mtoto wa kunyimwa nyama.

"Umesemaje?"

"Unamkumbuka yule fahali mwekundu wa mnadani? Ulimnunua akitembea kama mwanajeshi. Asubuhi tulimkuta amelala, hakuamka tena. Ukakaa chini pale ulipo sasa hivi, ukasema aliyemchoma sindano ile ni mwizi. Ukasema mimi nitasoma udaktari, ili asitokee mtu wa kukudanganya tena kwa sindano." Machozi yalikuwa yanashuka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono imejaa. "Nimesoma, baba. Wewe ulinisomesha. Nikichoma hii, mwizi wa safari hii umemzaa hapa nyumbani kwako."

Akabonyeza bomba. Dawa ikaruka, ikaingia kwenye samadi.

Mzee Masele akanyamaza kabisa. Klara alitupa jicho kwenye kisima.

Kisha mzee akasema, "Basi amechechemea. Ukaguzi umekwisha leo. Kundi lirudi lilikotoka kabla jua halijazama. Kijana, waite wenye gari."

Edson aliinama, akaokota kamba. Hakulaumu. Alimwangalia Paskazia mara moja tu, kama mtu anayeshuka shimoni anavyoutazama mwanga wa juu, na hilo jicho moja lilimwuma Paskazia kuliko maneno yote.

"Hawezi kupanda gari," Paskazia akasema. "Akiruka tena kama alivyoruka leo, mguu utavunjika. Namsemea mnyama, baba, sisemi kwa ajili yangu. Hatakiwi kutoka ndani ya zizi hili mpaka nyuzi zishikane."

"Mpaka lini?"

"Miezi. Pengine mwaka."

"Mwaka!"

"Ngojeni," akasema Shangazi Klara. Alikuwa amevuka lango, kitu ambacho mwanamke mzee peke yake anaruhusiwa. "Masele, mdogo wangu. Desturi inasema linarudi nini?"

"Kundi."

"Kundi lote au nusu?"

"Lote. Unajua mwenyewe."

"Na mmoja wao hawezi kutoka. Daktari kasema, na daktari ni wa kwako. Basi kundi lote halijatimia. Na lisilotimia halirudi." Akakunja mikono, amevaa uso wa mtu asiye na hatia. "Mimi nasema tu wazee walivyosema. Labda wewe umewaona juzi wakabadilisha."

"Kwa hiyo ng'ombe zinakaa kwangu kama nini? Sijazipokea!"

"Kama wageni. Unafukuza wageni?"

Mzee Masele alimtazama dada yake, akatazama farasi, akatazama njia ambako vumbi la pikipiki za wajomba lilikuwa limeanza kuonekana. Aliposema tena, sauti ilikuwa imepanda kidogo.

"Huyu mtu wa mashimo atakuja kumhudumia mnyama wake mwenyewe. Asubuhi na jioni. Haingii nyumbani, halali hapa. Siku farasi atakapopita kutoka langoni mpaka kwenye minyaa bila kuchechemea, nitakaa kwenye kiti na nitatoa jibu langu. Akichechemea siku hiyo," akamnyooshea Edson fimbo, "hutamsubiri mtu akuambie njia."

"Wabeja sana, baba," Edson akashukuru kwa Kisukuma.

"Usiniite baba. Na anakula nini huyu?"

"Nyasi, mzee. Na pumba."

"Anang'ata?"

"Hapana."

"Mimi sikuuliza kwa kuogopa," akasema Mzee Masele, akaondoka haraka.

Maji ya kisimani hayakutosha baridi, kwa hiyo Klara alituma zinunuliwe barafu zote za ukwaju kwenye friji la dukani, na mguu wa Kifusi ukafungiwa ndani ya gunia lenye barafu, ukanukia kama sherehe ya watoto. Baadaye Paskazia alizungusha pamba, kisha bandeji, na Edson akashika mwisho wake.

"Usikaze sana."

"Hivi?"

"Hivi. Sawa pande zote." Kisha, bila kuinua macho, "Edson, wapo ambao kano halirudi kama lilivyokuwa. Sitaki nikufiche."

"Wengi?"

"Wengi."

Edson alifunga fundo. "Basi kesho asubuhi nakuja na barafu."

"Njoo mapema."

Vidole vyao vilikutana juu ya fundo la bandeji, vimelowa, vimekufa ganzi. Vyote vilikuwa vinatetemeka, na hakuna hata mmoja wao aliyesingizia barafu.